Kocha Asiyesalimia

Mimi mtu asiyesalimia humtilia shaka. Sisemi ni vizuri, nasema ndivyo nilivyo, na nimeshazeeka. Kwetu Dodoma ukipita mlangoni kwa mtu asubuhi kimya kimya, watu wanaanza kuulizana umetoka kufanya nini. Toronto nimekaa miaka mingi, nimejifunza kuvaa nguo juu ya nguo na kusubiri basi kwenye baridi bila kunung'unika, lakini hili la kupishana na binadamu mwenzako kama unapishana na nguzo, hata! Mpaka leo halijanikaa. Naanza na hilo kwa sababu kuna mtu alipoteza kazi na jina lake kwa neno langu, na neno lenyewe lilianzia hapo.

Nilikuwa mfuaji wa nguo wa timu ya besiboli. Timu ya kulipwa, ila ya ligi ndogo, ile ambayo kila mchezaji anaota kuitwa ligi kubwa na wengi wao hawaitwi. Uwanja ulikuwa upande wa magharibi, mabasi mawili kutoka ghorofani kwetu, mtaa wa Etobicoke. Jezi, soksi, taulo, vyote vilipita mikononi mwangu, na naweza kukwambia mchezaji yupi alianguka wapi kwa kuangalia doa lake tu. Mchezo wenyewe sikuuelewa na wala sikutaka kuuelewa. Watu wazima wanasimama juani saa tatu nzima wanatema maganda ya mbegu za alizeti, mara mmoja anakimbia, mara wote wanapumzika tena.

Mkuu wao walimwita meneja. Usifikiri meneja wa suti na tai. Huyu alivaa jezi na soksi ndefu sawa na vijana wake, mzee aliyevuka sitini na kitambi chake mbele, na mimi ndiye niliyekuwa nampanulia lastiki ya suruali bila kumwambia. Lakini sifa alikuwa nazo. Ujanani alicheza, hakufika mbali, akageukia kuongoza, na kwa miaka thelathini alizunguka miji midogo ya Marekani akipokea timu za mkiani na kuzipandisha. Kila alikopita alichukua ubingwa angalau mara moja. Watu walisema ligi kubwa ingempigia simu wakati wowote. Yeye alijifanya hajali, ila simu ikilia alikuwa anaruka.

Siri ya kushinda kwake aliniambia mwenyewe, wala hakuona aibu. Hamwamini mtu. Alizungumza mkono ukiwa mdomoni ili asisomwe midomo. Simu muhimu alipokea chooni, maji yamefunguliwa. Akiletewa kahawa asiyoiagiza hainywi. Mwanzoni nilimwonea huruma, baadaye nikaanza kumwelewa, na ukweli ni kwamba tulipatana kwa sababu hiyo, maana na mimi macho yangu hayatulii.

Sasa, besiboli ina ishara. Meneja akiwa kwenye benchi anagusa kofia, anagusa sikio, anavuta mkanda. Kocha wake amesimama kule pembeni ya uwanja, anaziona, na yeye anajigusagusa kumwambia mchezaji: kimbia, tulia, piga. Wapinzani wakizijua ishara zako umekwisha, kwa sababu kila unalolipanga wanakusubiri nalo. Wageni walikuwa wakija kukaa siku tatu au nne wanacheza na sisi kila siku, na kwa kila wageni wapya meneja alitunga ishara mpya. Aliziandika kwa mkono asubuhi ya siku ya kwanza, anaandika, anafuta, anaandika tena. Nakala safi aliwapa makocha wake. Zile za kufutafuta alizitupa kwenye boksi chini ya meza, na kazi ya kulimwaga boksi hilo kwenye mashine ya kuchana karatasi alinipa mimi.

"Nakupa wewe, Mama, kwa sababu hujui chochote kuhusu mchezo huu," aliniambia. Pale wote waliniita Mama, hata wenye mvi.

Nikasema sawa bosi. Na kweli nilizichana. Nyingine. Lakini jamani, karatasi zile zilikuwa nene, nzuri, upande mmoja mweupe kabisa! Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa anauza karanga, na karanga kwetu hufungwa kwenye karatasi ya daftari lililokwisha, unaikunja ichongoke chini, unamimina karanga, unafunga juu. Daftari likiisha nyumbani kwetu tulikuwa tunagombea nani alipeleke kwa mama. Leo mtu aniambie nichukue karatasi nzima nikaitie kwenye mashine iwe nyuzi? Niliona ni kufuru. Basi zile nzuri nzuri nilizipiga pasi kwa kiganja, nikaziweka mkobani, nikaenda nazo nyumbani. Jioni nikikaanga karanga zangu za chumvi nazifunga humo, kesho yake nawagawia watu kazini: walinzi, wapishi, na kuanzia mwaka wangu wa nne pale, kaka mmoja Mkongomani aliyekuwa akihudumia chumba cha timu za wageni. Yeye nilimpa nyingi, maana alisema wageni wake wanazipenda.

Unacheka? Cheka tu. Mimi wakati ule niliona natenda wema na sipotezi kitu.

Kiangazi cha mwaka huo wa nne, mambo yakaanza kwenda kombo. Siku ya kwanza na wageni tunashinda. Siku ya pili tunapigwa, ya tatu tunapigwa vibaya zaidi. Wakija wengine, hadithi ileile. Meneja akiagiza mtu achomoke akimbie, wale wameshakaa tayari wanamngoja. Uso wake ukabadilika rangi. Akaacha kula na wenzake. Akawa anapita korido kwa korido bila viatu ili asisikike, na siku moja nilimkuta amejibanza nyuma ya mashine yangu ya kukaushia nguo, mzee mzima, anasikiliza. Tuliangaliana. Nikaendelea kukunja taulo.

Pale ndani kila mtu akaanza kumwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Vijana waliacha kuchezea simu zao hadharani. Mlinzi alinipekua mkoba siku mbili mfululizo, akaona karanga, akachukua kikunjo kimoja, akaniruhusu nipite. Nilikasirika kweli. Mimi wa kupekuliwa!

Na mimi nilikuwa na mtu wangu. Kocha wa pembeni, yule wa kupokea ishara. Alikuwa rafiki wa meneja tangu ujana wao, wamelala chumba kimoja kwenye mahoteli ya barabarani, wamehama pamoja timu baada ya timu. Mrefu, mkavu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nilipoanza kazi nilimsalimia asubuhi tatu kwa sauti ya kusikika. Hakuitika. Asubuhi ya nne nikakaa kimya nione kama ataanza yeye. Akapita! Tangu siku hiyo nilimweka moyoni, nikawa namwangalia anakoingia na anakotoka. Nikawa najiambia, mtu hawezi kuwa na moyo mweupe halafu akashindwa kufungua mdomo kwa mama wa watu.

Basi siku moja nikamwona kwenye korido ya wageni, mahali asipokuwa na shughuli. Amesimama na mzee mmoja wa timu ya wageni, wamekumbatiana, mzee akamtolea bahasha ya kaki. Kocha akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaitia ndani ya jezi. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilisema, haa, si nilijua!

Siku hiyo hiyo meneja aliniita ofisini, akafunga mlango, akafungulia bomba la sinki.

"Mama, wewe uko huku nyuma siku nzima. Nani anaongea na wageni?"

Nilimwambia. Korido, mzee, bahasha.

Akasogea karibu. "Umemwona mara moja, au mara nyingi?"

Nilimwona mara moja. Hiyo ndiyo kweli na nilikuwa naijua pale pale. Lakini niliona naulizwa kama mtu ambaye hasadikiki, na nilimkumbuka yule jamaa anavyonipita kama ndoo ya maji machafu, ulimi ukateleza.

"Mara nyingi, bosi."

Kabla ya mchezo wa siku hiyo kocha alikuwa ameshafukuzwa. Sababu haikutangazwa, lakini habari ilitembea yenyewe: ameuza ishara. Katika kazi yao hakuna neno baya kuliko hilo, mwizi ana nafuu. Alipita mbele ya chumba changu na begi lake begani, mke wake anamsubiri nje kwenye gari. Nilisimama mlangoni makusudi ili anione.

Kesho yake Ramadhani ikaingia, na miaka ile ilikuwa inaangukia katikati ya kiangazi, jua halizami. Nani angekaanga karanga na funga ile? Nikaacha. Na timu ikaanza kushinda. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, tunashinda tu. Meneja akanipigia saluti kutoka mwisho wa korido, akanishika bega, akasema, "Umeona, Mama? Kidole kibovu kimekatwa." Nilitembea kwa maringo mwezi mzima, njaa na kiu sikuvisikia. Mwisho wa msimu tukabeba ubingwa. Magazeti yakaandika kwamba huyu mzee ana jicho la kumsoma mtu mpaka ndani.

Baada ya Idi mume wangu alileta kutoka kazini kwake vipakiti vidogo vya plastiki, mzigo mzima, vilikuwa vinatupwa. Nikahamia huko. Karatasi za meneja zikawa zinaingia kwenye mashine zote, kwa sababu sikuwa na haja nazo tena.

Msimu uliofuata ulipoanza, yule kaka Mkongomani alikuja kuchukua taulo, nikampa karanga. Akageuzageuza kipakiti.

"Mama, mbona siku hizi unazitia mu plastiki?"

"Hukupenda?"

"Mimi ni sawa tu. Ni wale wageni. Mwaka jana kulikuwa na mmoja anafungua karatasi pole pole, anaisoma, anaiweka mfukoni. Karanga hata hali! Halafu wengine wakija, wananiuliza, ile karanga ya karatasi iko wapi? Nilifikiri labda unawaandikia dua."

Alikuwa anacheka. Mimi nikakaa juu ya rundo la taulo chafu. Nikamuuliza, nikijua tayari nitasikia nisichotaka, juu ya yule kocha na mzee wa bahasha.

"Ah, yule mzee? Binti wa kocha ameolewa kule kwao. Alimletea picha za mjukuu. Hawakutaka bosi awaone pamoja, bosi alikuwa anaogopa kila kivuli." Akanyanyua taulo zake. "Yule kocha ni mtu muzuri. Ila asubuhi haongei na mtu. Mke wake mwenyewe alisema, mpaka saa sita mchana ni bubu."

Nyumbani nilimweleza mume wangu yote, palepale mezani, chai inapoa. Alinisikiliza, akainuka akafunga dirisha, eti majirani wa chini ni Watanzania.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi iishie kwangu. Ukisema utafukuzwa, na wao watakuita mwizi wa siri. Nani atakupa kazi nyingine? Mtu keshaondoka. Nyamaza."

Nikanyamaza. Naandika hivi na naona haya. Nilinyamaza msimu mzima. Sikuogopa kazi peke yake. Niliogopa kuonekana mjinga, bibi wa karanga aliyeiangusha timu nzima, halafu akamtwisha mwenziwe. Nikawa namshuku kila mtu. Mkongomani akiongea na mlinzi nadhani ananitaja. Meneja akiniita nadhani amejua. Zilikuwa zimebaki karatasi tatu kwenye droo ya jikoni, nikawa nazihamisha kila siku chache, chini ya sukari, nyuma ya friji, kama vile kuna askari atakuja kupekua. Nilipokuwa naswali uso wa yule jamaa ulikuwa unanijia, na kofia yake.

Halafu simu ya meneja ikaja. Ligi kubwa, Marekani, kazi aliyoisubiri maisha yake yote. Wakamfanyia sherehe ukumbini, keki yenye umbo la uwanja, hotuba juu ya hotuba. Kila aliyesimama alirudia ile habari ya jicho la kumsoma mtu. Mmoja alisema waziwazi kwamba ubingwa ulianza siku alipomtoa msaliti, bila kumjali hata rafiki yake. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshika trei ya glasi, nikaona siwezi tena. Nikamfuata ofisini alipokwenda kuchukua koti.

Nilimwambia kila kitu, nimesimama. Karatasi, karanga, Mkongomani, picha za mjukuu, na lile la mara nyingi. Nikaweka zile karatasi tatu mezani, na mwandiko wake juu, na alama za mafuta ya karanga.

Alizitazama. Hakuzigusa kwanza. Kisha akainuka, akafungulia bomba.

"Amekutuma yeye?"

"Nani, bosi?"

"Unamjua. Amekupa nini?"

"Haki ya Mungu, sijamwona tangu siku ile. Nimekuja mwenyewe. Mimi ndiye mwenye makosa, mimi!"

"Wakati huu," alisema, mkono uko mdomoni. "Wiki ninayoondoka. Unakuja na karatasi. Mtu akitaka kuniharibia kazi angechagua wiki hii hii." Akazikunja zile karatasi mara mbili, akazitia mfukoni mwa koti. "Alipoondoka tulianza kushinda, Mama. Kesho yake. Huwezi kunieleza hilo."

"Nimeshakueleza! Ilikuwa Ramadhani!"

Alifunga bomba akatoka. Mpaka leo sijui kama hakuniamini, au aliniamini akaona haimfai. Kule Marekani alifanikiwa, nimemwona kwenye runinga mara kadhaa, ameshika mdomo.

Kazi niliiacha mwenyewe wiki iliyofuata, kabla hawajaniacha. Ikabaki kumtafuta mwenye jina. Mkongomani ndiye aliyenielekeza: kocha alikuwa anafundisha wasichana wa shule kwenye bustani moja hukohuko Etobicoke, kwa kujitolea, kwa sababu hakuna timu ya kulipwa iliyomtaka. Nilikwenda alasiri moja. Nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimekwenda na haja hiyo, anitukane halafu aende popote anapotaka akaseme hakuuza kitu, na mimi nisimame shahidi.

Alinikumbuka. Tulikaa kwenye benchi la mbao, wasichana wanarushiana mipira mbele yetu. Nilimwambia kama nilivyomwambia meneja, kwa mpangilio uleule, sikuficha. Nilipofika kwenye karanga alitabasamu kidogo. Nilipofika kwenye mara nyingi nilianza kulia, na hakunikatiza. Nilipomaliza nikangoja.

"Kwa hiyo ulipomwambia," alisema, "aliamini?"

"Aliamini."

"Hukuona kama anajifanya?"

"Hapana. Hakujifanya. Aliamini kabisa, na bado anaamini."

Akavua kofia, akawa anaizungushazungusha mikononi. Kumbe alikuwa na macho ya rangi hafifu, ya kijivu, sikuwahi kuyaona vizuri.

"Miaka hii miwili nilikuwa namwambia mke wangu kwamba anajua sikufanya," alisema. "Nilisema, wenye timu walimbana, walitaka mtu wa kumtoa, akanitoa mimi kwa sababu alijua nitamwelewa. Namjua, ili ashinde angeweza kumuuza hata mama yake. Hilo ningeweza kuishi nalo. Nilikuwa naishi nalo. Nilikuwa nangoja tu siku atakayonipigia simu aniombe radhi."

Nilitoa leso mkobani, nikafuta uso.

"Tumekaa pamoja tangu tuna miaka ishirini," alisema. "Na aliamini."

Nilimwambia nitaandika barua, nitakwenda kwa wenye timu, nitasema popote atakapo. Hakuniitika. Wasichana waliita, kocha, kocha, tufanye nini sasa, na yeye amekaa palepale, kofia mkononi, anaangalia chini. Waliita tena. Mwishowe ilibidi niinuke mimi, nikawafuate uwanjani kuwaambia wampe dakika chache.